Mtoto mmoja, mafua yale yale, majibu tofauti: kisa cha wiki ya mahafali

Kisa hiki ni cha nyumbani kwetu. Wifi yangu kaniruhusu nikiandike mradi nisitaje majina wala shule, na mimi naandika kama shangazi wa mtoto na pia kama muuguzi ambae kazi yake ni kliniki ya watoto hapa Dar. Swali lenyewe naulizwa sana, mtoto ana mafua kidogo aende shule asiende, na anaeuliza anataka jibu moja la ndio au hapana akaendelee na shughuli zake. Sasa kwa huyu mtoto wetu ndani ya siku chache jibu lilikuwa hapana, hapana tena, ndio, hapana, halafu ndio, na ugonjwa ni ule ule mmoja. Nataka nieleze kila jibu lilitoka wapi, maana wazazi wengi wanadhani tunaamua kwa kuangalia pua ya mtoto, kumbe pua ndo kitu cha mwisho kabisa kuangalia.

Mtoto ni wa kiume, ana miaka 4, anasoma chekechea. Ilikuwa mwezi wa 11, mvua za vuli zimeshaanza, na mnajua mwezi wa 11 mashule yote ni mahafali. Ratiba yake ilikuwa hivi: Ijumaa asubuhi mazoezi ya mwisho ya ngonjera, Jumamosi asubuhi mahafali yenyewe, Jumamosi jioni arobaini ya kumtoa nje kichanga wa kaka yangu mdogo kule Kigamboni, Jumatatu shule kama kawaida. Na kuna kitu kingine ambacho wifi hakukitaja mwanzoni kwa kuwa hakuona kinahusika, wiki kama mbili nyuma walikuwa Tabora kwenye msiba, mtoto alikwenda nao wakalala huko siku kadhaa.

Jumanne alirudi shule pua inachuruzika. Jumatano akawa na chafya na kikohozi cha mbali mbali ila anakula, anacheza, anagombana na dada yake kama kawaida, wifi akampeleka shule na hapo sina neno, ilikuwa sawa. Jumatano usiku ndo akaanza kuchemka. Wana kipimajoto cha dijito pale nyumbani, kile cha kwapani, na hili nalisifu maana nyumba nyingi bado wanapima kwa kiganja, kikasoma 38.4. Bibi yake, yaani mama yangu mzazi ambae anakaa nao, akampa panado ya maji, akalala. Saa 11 alfajiri kaamka anachemka tena, 38.1, wifi akampa dozi nyingine. Ilipofika saa 12 na nusu mtoto kachangamka, kavaa sare, anaimba wimbo wa mahafali, na kibasi cha shule kinakaribia. Ndo nikapata voisi: "Wifi samahani nakusumbua asubuhi asubuhi, mtoto alichemka usiku ila sahivi yuko fiti kabisa, mama anasema ni mafua tu ya hizi mvua, na mimi leo bosi yupo, aende tu si ndio?"

Nikamwambia hapana wifi, leo asiende.

Sababu ya kwanza, ule uchangamfu wa saa 12 na nusu haukuwa wa mtoto, ulikuwa wa dawa. Panado inashusha joto kwa masaa 4 mpaka 6, haitibu kilicholeta joto. Aliyopewa saa 11 alfajiri kufikia saa 4 au saa 5 asubuhi imeshaisha nguvu, na mda huo yuko darasani, mwalimu mmoja na watoto kibao, mtoto anaanza kunyong'onyea, analaza kichwa juu ya meza na mwalimu anadhani kachoka na mazoezi. Hili la kumpa mtoto panado asubuhi ndo umpeleke ni jambo ambalo ningeomba wazazi tuliache kabisa. Sisemi hivi kumlaumu mama yeyote, najua kabisa kinachofanya mama afanye hivo, nitafika hapo. Lakini ukishampa dawa umejifichia wewe mwenyewe taarifa pekee uliyokuwa nayo, yaani hujui tena mtoto wako yuko vipi, na mwalimu hajui, na akizidiwa hakuna wa kumweleza daktari kwamba joto hili lilianza jana usiku.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Nilimuuliza swali ambalo namuuliza kila mzazi, je katika wiki hizi mmesafiri? Ndo akakumbuka Tabora. Ule utafiti wa kitaifa wa afya na malaria wa 2022 ulikuta watoto 8 kwa kila 100 walio chini ya miaka 5 nchi nzima wana vimelea vya malaria, ila Tabora ilikuwa 23 kwa 100, ya juu kuliko mikoa yote. Na malaria haitoki siku ile ile umeumwa na mbu, inachukua wiki moja au mbili hivi mara nyingine zaidi, kwahiyo mtoto aliyetoka Tabora wiki mbili zilizopita na leo anachemka, huyo hana habari ya shule, huyo ana habari ya kupimwa. Kwamba ana makamasi haimaanishi hana malaria, mtoto anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja na ndo inavyotuchanganya, tunaona pua inatoka tunasema aa ni mafua. Malaria kwa mtoto mdogo inaweza kugeuka kali ndani ya siku moja tu.

Angalieni kitu hapa. Hili hapana la Alhamisi halikuwa la kuwalinda wenzake. Malaria haiambukizwi kwa kukaa dawati moja. Lilikuwa la kumlinda yeye, na watu wengi wakisikia "usimlete akiwa mgonjwa" wanasikia tu "atawaambukiza wengine", basi wakishajiridhisha kwamba hataambukiza wanamleta. Swali la kwanza siku zote ni mtoto mwenyewe, anaweza kuimaliza siku akiwa mbali na mtu anaemjua vizuri? Kula, kunywa, kucheza, kusema naumwa. Kama hawezi basi anabaki, hata kama ugonjwa wake haumfikii mtu mwingine yeyote.

Haya, wifi akaenda nae kituo cha afya cha karibu. Kipimo cha haraka, tone la damu kidoleni, unasubiri kama dakika 15 au 20 hivi, hakuna malaria. Daktari akamwangalia masikio na koo, akamfunua fulana akamhesabia pumzi dakika nzima zikawa 28, kifua hakivutiki ndani. Kwa mtoto wa mwaka 1 mpaka 5 pumzi 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia ndo tunasema anapumua haraka na hapo tunafikiria nimonia. Wakarudishwa nyumbani na maelekezo ya maji mengi, panado akichemka na arudi haraka akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au pumzi zikienda mbio, na joto likiendelea arudi apimwe malaria tena maana kipimo kimoja kikisema hapana na joto linaendelea hatuachi hapo.

Wifi akanipigia amekasirika kidogo. "Wifi nimepoteza siku nzima na hata antibaotiki hawajanipa." Nikamwambia wamefanya kazi nzuri sana hao. Mafua ni virusi, antibaotiki haimgusi kirusi hata kidogo, ungempa ungemharishia mtoto bure na kuwafundisha bakteria wa tumboni mwake kuizoea dawa. Na yale makamasi ya kijani yanayowatisha watu ni rangi ya kawaida ya mafua siku ya tatu ya nne, inatokana na chembe hai za mwili zinazopambana humo ndani, haimaanishi kwamba sasa imekuwa ugonjwa wa dawa kali.

Hiyo siku aliyoipoteza sasa. Wifi kaajiriwa dukani, na bosi wake alimwambia siku hiyo atakatwa. Hapa ndo naposema nawaelewa akina mama wanaotoa panado asubuhi, si kwamba hawana huruma, wana bosi. Ila Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa angalau siku 4 zenye malipo katika mzunguko wa likizo (yaani kile kipindi ambacho sheria inahesabia siku zako za likizo) kwa ajili ya mtoto wake akiugua au akifariki, na akina mama wengi walioajiriwa hawajawahi kuambiwa. Ni siku chache, na kwa mama lishe au mwenye genge hakuna hata hizo, najua, ndo mana kwenye kuamua nashauri siku hizo chache za kumbakiza mtoto zitumike pale zinapohitajika kweli, sio kila chafya. Ukimbakiza kwa kila kamasi hutamaliza. Mtoto wa umri huu kupata mafua mara 6 mpaka 8 kwa mwaka ni kawaida kabisa, na kila moja linakaa siku 7 mpaka 10, piga hesabu mwenyewe uone ni miezi mingapi atakaa ndani.

Alhamisi saa 10 jioni joto lilikuwa 36.9 na hakuwa amepewa dawa tangu alfajiri. Ijumaa saa 12 asubuhi 36.7, kala uji kamaliza. Mazoezi saa 2. Hapa ndo tukabishana kidogo mimi na wifi, yeye alikuwa anasema joto limeisha tangu jana, na mwalimu alishatuma ujumbe kwenye grupu la wazazi kwamba asiyekuja mazoezini hatapangwa mstari wa mbele. Mimi msimamo wangu ni masaa 24 bila joto na bila dawa, vyote viwili kwa pamoja. Dawa ya mwisho saa 11 alfajiri Alhamisi, nguvu yake imeisha kama saa 5 asubuhi, hesabu inaanzia hapo, kwahiyo Ijumaa saa 5 asubuhi ndo yanatimia. Mazoezi ni saa 2. Ingekuwa mtoto ambae hajatoka Tabora labda nisingebana sana kwa masaa matatu, nasema ukweli, sheria ya masaa 24 si mstari uliochorwa na mbingu. Lakini joto la malaria lina tabia ya kupanda na kushuka, na kipimo kilikuwa kimoja tu, nikataka siku ya Ijumaa iwe ya kumwangalia akiwa mbele ya macho ya bibi yake. Wifi akakubali shingo upande. Mtoto alilia, na mimi iliniuma, alikuwa ameshakariri beti zake zote.

Na hapa niseme na walimu. Kumnyima mtoto mstari wa mbele kwa kuwa aliumwa, au zile zawadi za "hajakosa hata siku moja" zinazotolewa kwenye mahafali, tafadhali ziacheni kwa watoto wa chekechea. Mtoto wa miaka 4 haamui kuumwa. Mnachokifanya ni kumpa mzazi sababu ya kumleta mtoto anaechemka.

Ijumaa ikapita bila joto. Jumamosi asubuhi 36.6, kalala vizuri, kikohozi kipo hasa akilala na akikimbia, kamasi lipo, ila anakula na anataka kwenda kuliko kitu chochote duniani. Nikasema aende.

Kuna ndugu mmoja aliniuliza, sasa si bado ana mafua, si atawapa wenzake? Ndio bado anaweza kuwapa, sitadanganya. Ila mafua yanaambukiza zaidi zile siku mbili tatu za mwanzo, na hizo alizimalizia darasani na nyumbani, Jumanne na Jumatano alikuwa na watoto wale wale ambao leo atasimama nao jukwaani. Kumzuia Jumamosi kusingewaokoa. Pia mahafali yalikuwa nje chini ya turubai, upepo unapita, sio chumba cha madirisha mawili yaliyofungwa. Na huyu mtoto siku hiyo ingebaki kichwani mwake, hilo nalo lina uzito, mimi siamini kabisa kwamba afya ni kutopata virusi tu.

Ila hatukumpeleka kama kawaida. Wifi alimwambia mwalimu mapema kwamba mtoto alichemka Jumatano usiku, kapimwa hana malaria, amebakiwa na kikohozi. Akaenda na chupa yake ya maji maana pale shule kuna ndoo ya maji na kikombe kimoja, na kikombe kimoja cha watoto thelathini nacho kinaweza kubeba mafua na kuharisha. Akafundishwa kukohoa kwenye kiwiko, kwa miaka 4 anakumbuka mara moja anasahau mara mbili lakini ndo hivo tunaanza. Na keki. Tunapenda kulishana keki, kijiti kimoja kinazunguka kwa walimu, wazazi na watoto wote, nikamwambia wifi huyu apewe kipande chake kwenye sahani yake na asilishe mtu wala asilishwe, na kwa kweli ingefaa iwe hivo kwa watoto wote hata wasioumwa.

Kitu kilichonifanya nifikirie mara mbili ni kwamba darasani kwao kuna mtoto mwenye selimundu (sikoseli), mama yake alishaliweka wazi kwa wazazi wote ili watu wajue. Kwa mtoto wa selimundu homa yoyote ni dharura, inapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na kuna virusi ambavyo kwa mtoto mwingine vinaleta mafua na mashavu mekundu basi, kwake vinaweza kusimamisha utengenezaji wa damu kwa siku kadhaa na akaishiwa damu vibaya. Sasa je mtoto wetu asiende kwa ajili yake? Tulimpigia mama yake Ijumaa jioni tukamweleza hali halisi, yeye ndo aamue na walimu wapange. Alishukuru sana, akasema wengi hawasemi, wanakuja tu na panado kwenye pochi. Walimu wakawapanga ncha mbili za jukwaa. Kuna wazazi wanadhani kusema mtoto wangu ana mafua ni kujichoresha, lakini yule mama alichokuwa anakihitaji ni taarifa, hakuhitaji darasa zima lifungiwe majumbani.

Mtoto alisema beti zake, sauti imekwaruza kidogo, kapigiwa makofi, kachukua cheti, na kabla ya jua la saa 7 wakawa wamerudi nyumbani kama tulivyopanga.

Arobaini sasa, na hapa ndo kazi ilikuwa.

Mama yangu alishajiandaa, kashona, kanunua zawadi ya mjukuu, na kwake yeye kwenda arobaini bila huyu kijana wa kwanza wa kiume ni kama kuidharau nyumba ya kaka yangu. Wifi hawezi kumwambia mama mkwe wake hapana, mnaelewa, angeonekana anawabagua shemeji zake. Kwahiyo nikapiga mimi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, tunajiandaa hapa." Nikamwambia mama, kijana asiende. Akanyamaza, halafu akasema, "Mahafali kaenda, kwa ndugu yake asiende? Watoto wa watu ndo bora kuliko damu yake?"

Na kwa mtu anaeangalia pua ni swali la haki kabisa. Mtoto yule yule, siku ile ile, kikohozi kile kile, asubuhi mmesema ndio jioni mnasema hapana. Ila swali la pili baada ya "mtoto mwenyewe anaweza?" ni "huko anakokwenda kuna nani?" Asubuhi kulikuwa na watoto wa miaka 4 na 5 ambao mafua ni chakula chao cha kila mwezi. Jioni kuna mtoto wa siku 40. Mtoto wa siku 40 pua yake ni nyembamba, ikiziba hawezi kunyonya, na virusi ambavyo kwa kaka yake ni kamasi tu kwake vinashuka kwenye vijibomba vidogo vya mapafu. Mtoto wa chini ya miezi miwili akichemka hatumwambii mama asubirie mpaka kesho, ni hospitali, mara nyingi analazwa.

Halafu nikamweleza mama jambo moja ambalo ndo lilimgeuza. Kwa ratiba ya chanjo ya Tanzania, mtoto akizaliwa anapata ya kifua kikuu na matone ya polio. Chanjo inayomkinga na kifaduro inaanza akiwa na wiki 6. Wiki 6 ni siku 42. Arobaini ni siku ya 40. Yaani mama, sisi tunamtoa mtoto nje tunamzungushia ukoo mzima kila mtu ambebe na kumbusu, siku mbili kabla hajapata hata dozi ya kwanza ya hiyo chanjo. Sisemi kikohozi cha kijana ni kifaduro, karibu hakika sio, alichanjwa zote. Ila mtoto mchanga hana kitu mkononi bado.

Mama akakaa kimya tena, halafu akasema kitu ambacho sikutegemea. "Na mimi toka asubuhi koo linaniwasha."

Basi hapo mazungumzo yakabadilika kabisa, maana tulikuwa tumeshughulika na mtoto kana kwamba mafua ni ya watoto peke yao. Bibi ndo alikuwa anamfuta makamasi tangu Jumatano, ndo alilala nae, kwa vyovyote alikuwa ameshayapata, na ndo mtu wa kwanza ambae angekabidhiwa kichanga ambebe mbele ya watu. Nikamwambia mama sitakuzuia, wewe ni mama wa nyumba ile, ila usimbebe. Alikwenda, alivaa barakoa, alikaa upande wa wazee karibu na mlango, akaombea mtoto kwa mbali, kaka yangu nilishampigia kumweleza ili mama asije akaulizwa maswali mbele ya wageni. Baba wa kijana alikwenda, wifi alibaki na mtoto. Kuna shangazi zetu walinuna, walisema tumeanza uzungu. Niliwajibu kwa heshima kwamba bibi zetu walimfungia mama na kichanga ndani siku 40 mtu asiingie ingie, sasa mimi hapo uzungu siuoni.

Wapo watakaoniuliza kama ingekuwa ugonjwa mwingine je. Kuharisha au kutapika ni hapana moja kwa moja mpaka yapite masaa 48 tangu mara ya mwisho, mpeni ORS na zinki, zinki ni vidonge vya siku 10 mpaka 14 msikatishe kwa kuwa choo kimekaza. Tetekuwanga mpaka vipele vyote viwe vimekauka na kufanya magamba. Surua ni siku 4 kamili tangu upele utoke, na surua si ya kujadiliana, inaenea hewani na inaua watoto ambao hawajachanjwa. Macho mekundu mnayakumbuka mwanzoni mwa 2024 yalivyosambaa hapa Dar na Mombasa pia, mtoto anabaki nyumbani mpaka machozi na tongotongo viishe, na msimtilie maji ya majani, mkojo wala maziwa ya mama machoni. Mapunye na chawa anza dawa leo kesho aende, hamna sababu ya kumkosesha mtoto masomo.

Jumatatu wifi kampeleka shule, siku ya saba tangu mafua yaanze, joto hana tangu Alhamisi, anakula, anacheza. Getini mwalimu wa zamu akamrudisha. Kisa? Kakohoa mbele yake na kamasi ni la kijani, akasema alete cheti cha daktari kwamba amepona na awe ameshaanza antibaotiki. Wifi akanipigia yuko barabarani na mtoto mkononi, kazini wanamsubiri.

Hapa ndo unaona upande wa pili wa shilingi. Alhamisi shule ingempokea mtoto mwenye 38 iliyofunikwa na panado kwa kuwa alionekana mzima, na Jumatatu inamkataa mtoto mzima kwa kuwa anaonekana mgonjwa. Wanaangalia pua. Kikohozi cha mafua kinaweza kukaa wiki 2 hata 3 baada ya mengine yote kuisha, ukisubiri kiishe kabisa mtoto atarudi shule mwezi wa 12 wakati shule imefungwa. Na cheti cha kuthibitisha mafua yameisha ni foleni ya asubuhi nzima kituo cha afya, katikati ya wagonjwa wa kweli, mtoto akitoka hapo na mafua mengine mapya.

Sikutaka kugombana na mwalimu, nae anaogopa, akiumwa mtoto wa mtu lawama zinamwangukia yeye. Nikamwandikia ujumbe kwenye simu ya wifi ausome: mtoto alichemka Jumatano usiku mpaka Alhamisi alfajiri, alipimwa malaria Alhamisi hana, hajatumia dawa yoyote ya joto tangu Alhamisi saa 11 alfajiri, anakula na kucheza kawaida, kikohozi kinaweza kuendelea, antibaotiki daktari hakuiona haja. Akichemka tena au akipumua haraka au akikataa kula mpigieni bibi yake yuko nyumbani, atamfuata ndani ya nusu saa. Nikaweka na namba ya bibi.

Mwalimu alisoma, akauliza maswali mawili, akamwingiza. Baadae aliniambia kilichomridhisha ni ile sentensi ya mwisho, kwamba kuna mtu atakuja. Maana anachokiogopa yeye ni kukaa na mtoto anaechemka saa 5 asubuhi, anapiga simu ya mama haipokelewi, ya baba haipatikani, na watoto wengine wanalia. Na hilo kweli ni swali langu la tatu, ambalo wazazi tunalisahau: akizidiwa huko, nani atamfuata na baada ya mda gani? Kama jibu ni hakuna mtu mpaka saa 11 jioni, basi mtoto ambae ungemruhusu anabaki.

Kikohozi kilikaa kama wiki mbili kikaisha chenyewe, kwa asali kijiko kidogo usiku kabla ya kulala (asali kwa mtoto aliyepita mwaka 1 tu, chini ya hapo kamwe). Kichanga kilichanjwa dozi ya wiki 6 kwa wakati wake, na kijana alipelekwa kumwona baada ya kikohozi kuisha kabisa, kanawishwa mikono, akambeba akiwa amekaa kwenye kochi. Mama yangu nae alikuwepo, safari hii bila barakoa. Na shule wameniomba niongee kwenye kikao cha wazazi wa mwezi wa kwanza, nimeshawaambia naomba vitu viwili viwe vimekubalika kabla sijafika, zawadi ya mahudhurio iondolewe chekechea na kila fomu ya mtoto iwe na namba ya mtu wa tatu zaidi ya baba na mama. La kikombe kimoja nitawaletea siku yenyewe.